Shuka za Waya wa Tano

Waya wa tano hauna kitu. Nyaya nne zingine zilizofungwa kati ya nguzo za chuma hujaa kila Jumatano: sare za shule, jezi, suruali za kazi, mashuka yenye maua yaliyofifia. Lakini ule wa tano, ulio karibu na ukuta wa vyoo, umekaa mtupu tangu Septemba ya mwaka juzi. Hakuna aliyekataza watu kuutumia. Wanabanana tu kwenye zile nne, kibanio kimoja kikishika mashati mawili, na ule wa tano wanaupita kama watu wanavyopita kiti cha marehemu. Mgeni akiuliza, huambiwa kwamba huo ni wa Mama Nzuki. Mama Nzuki hajafa. Mimi ndiye najua vizuri kwa nini hayupo, na ningependa kueleza kabla watu hawajaizoea ile habari nyingine, iliyo kwenye bango la klabu yetu.

Jina lake ni Kavinya. Nzuki ni mwanawe wa kwanza, dereva wa lori, ambaye huonekana hapa mtaani kwetu Shauri Moyo mara mbili kwa mwaka, akija na kilo tano za mchele na haraka nyingi. Kwa miaka ishirini na sita Mama Nzuki alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali moja hapa jijini. Huko ndiko alikojifunza kwamba damu huondolewa kwa maji baridi na mkojo kwa siki, na kwamba jua la saa nne lina nguvu kuliko dawa yoyote ya dukani. Alijifunza pia kushika shuka la mgonjwa bila kukunja uso. Hilo la mwisho ndilo gumu, alikuwa akisema, na halifundishwi.

Lazima nieleze kuhusu nyaya, kwa sababu aliyekulia kwenye nyumba ya peke yake hataelewa. Shauri Moyo tunaishi chumba kwa chumba, mfereji mmoja, vyoo vya pamoja, uwanja mmoja wa kuanika. Nyaya ndizo gazeti letu. Nepi zikitokea, mtoto amezaliwa. Ovaroli mpya, mtu amepata kazi. Nguo za mume zikikosa kuonekana mwezi mzima, watu huanza kumsalimia mke kwa upole usio wa kawaida. Hakuna siri inayoweza kufuliwa. Ndiyo maana wapo watu ambao, mambo yakiwa mabaya, huacha kabisa kuanika.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na moja aliyeacha kuanika alikuwa Muhiba, wa mlango wa tatu kutoka kwa Mama Nzuki. Muhiba alikuwa mtu wa Lamu aliyezaliwa Pumwani, mwenye leso nyingi kuliko mwanamke yeyote wa mtaa, na alizianika mbilimbili, jina, yale maneno ya pindoni, likitazama jua. Wiki mbili zilipita bila leso hata moja. Mama Nzuki akabisha. Akamkuta mwenzake amelala, upande wa kushoto umepooza, mdomo umevutwa, na chini ya kitanda kuna rundo. Mumewe, Idarusi, dereva wa basi la shule, alikuwa amejaribu kufua mwenyewe na kuanika ndani, juu ya viti na kwenye mlango wa kabati, na nguo zilikuwa hazikauki, zinanuka ukungu. Hakuwa mtu mchafu. Alikuwa mtu aliyejua kusoma nyaya.

Mama Nzuki hakusema pole nyingi. Alirudi kwake, akachukua beseni lake na nguo zake mwenyewe ambazo hazikuwa chafu sana, akaenda nazo kwa Muhiba. Akatia shuka za mgonjwa chini, nguo zake juu, leso yake akafunika vyote, akatoka nje akiimba wimbo wa kanisa. Alifua vyote pamoja. Akaanika kwenye waya wa tano, ambako watu hawapendi kuanika kwa sababu ya harufu ya choo: gauni lake, shuka la Muhiba, gauni lake, shuka la Muhiba, fulana ya Nzuki. Mtu akitazama angeona nguo za Mama Nzuki. Na lile doa ambalo halikutoka, angeliona doa la Mama Nzuki.

Klabu yetu ilianza hivyo. Haikuanza kwa mkutano, ingawa katika historia niliyoiandika mimi mwenyewe kuna mkutano.

Wanawake wawili wa safu ya pili ya vyumba waliona wakaelewa, hawakuuliza. Jumatano iliyofuata, siku yetu ya maji, walikuja na mabeseni yao. Wakawa watatu, wakawa saba. Waligawana wagonjwa kimyakimya, huyu akichukua mzee mwenye kidonda cha sukari, yule msichana aliyetoka kujifungua vibaya. Walikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa popote. Usiende kwa mgonjwa na beseni tupu. Nenda na nguo zako, ili ukitoka pawe na kitu cha kuonekana. Ukiulizwa za nani, ni zako. Na yule uliyemfulia, ukikutana naye njiani, msalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia zamani, usiongeze hata neno. Watu waliwaita Jumatano, basi. Sally, aliyekuwa mmoja wa wale saba, alipohamia Dandora alikuta huko maji yanatoka Ijumaa, akaanzisha kundi lake la Ijumaa, nalo likaitwa Jumatano. "Leo Ijumaa tunafanya Jumatano," wanasema hadi sasa, na hakuna anayecheka tena.

Likatapakaa hivyo, mtaa kwa mtaa, kwa watu kuhama nyumba na kuolewa. Jericho, Kariobangi, Umoja. Wakaongeza kuogesha, kupika uji, kumpeleka mtu kliniki. Hakuna aliyejua makundi ni mangapi. Mama Nzuki alikuwa akisikia kwamba kuna Jumatano mahali fulani jinsi mtu anavyosikia kwamba mpwa wake amepata mtoto.

Mimi nimezaliwa Shauri Moyo, mlango unaotazama mfereji. Nilisoma, nikafika chuo kikuu, nikapata kazi ya kuhariri vitabu vya shule, nikapanga nyumba Donholm. Mama yangu alikataa kuhama. Alipougua nilimwajiri msichana wa kumtunza, nami nilikuja kila Jumapili baada ya ibada. Nilimkuta daima kwenye shuka safi zenye harufu ya jua, nikamsifu yule msichana, nikamwongezea sabuni. Siku ya mazishi ndipo msichana aliponiambia, akilia, kwamba hakuwahi kufua hata shuka moja. Alikuwa akiona kinyaa, na Mama Nzuki alikuwa akimwambia aende dukani huku yeye akichukua beseni. Miezi minane. Nilimtafuta Mama Nzuki katikati ya waombolezaji nikitaka kupiga magoti. Alinishika kiwiko kabla goti halijafika chini.

"Ndinda, watu wanatazama," akasema. "Nenda ukagawe chai."

Sijui kama yupo anayeweza kulipa kitu kama hicho. Mimi nilidhani naweza. Nilijiunga, na nikaamua kumfanya Mama Nzuki ajulikane.

Nilikuwa na rafiki Donholm, Triza, mwenye duka la vitambaa, mtu wa moyo mkubwa na sauti inayolingana nao. Nilimweleza kuhusu Jumatano, machozi yakamtoka palepale dukani. Baada ya mwezi mmoja tulikuwa na tawi la Donholm, watu thelathini, wengi wenye mashine za kufulia nyumbani. Baada ya mwaka tulikuwa tumeandikishwa serikalini. Niliandika katiba. Niliandika historia, nikaweka ule mkutano, kwa sababu Triza alisema chama kisicho na mkutano wa kwanza kinaonekana kama uvumi. Tukawa na mwenyekiti, na katibu, ambaye ni mimi. Watu walitoa sabuni kwa katoni, mabeseni, magodoro. Sikatai kwamba wagonjwa wengi walifikiwa ambao wasingefikiwa. Wakati wa ule ugonjwa uliofunga dunia, wakati majirani waliogopa kugusa hata vitasa vya milango, makundi yetu ndiyo yaliyoingia ndani. Nayaweka haya hapa kwa sababu ni kweli, ingawa nikiyasoma nasikia kama ninajitetea.

Kisha Triza akashona aproni. Buluu, zenye mfuko mbele na jina la klabu kifuani, na chini yake picha ya beseni. Nilizibeba zile za kwanza hadi Shauri Moyo, nikamvalisha Mama Nzuki moja. Alijitazama, akageuka, akapapasa mshono kwa kidole kama fundi.

"Kazi safi," akasema. Kisha akaivua. "Lakini hii ikiingia kwenye mlango wa mtu, mtaa mzima unajua ndani kuna nini."

Nilimwambia kwamba sasa tumekuwa wakubwa, kwamba watoaji wanataka kuona. Nilimwambia kuwa mgonjwa si aibu siku hizi, watu wameelimika.

"Wameelimika wa kwenu Donholm, wenye choo ndani," akasema, na wale wanawake wa mferejini wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipokuwa narudi nyumbani sikuwa nacheka. Niliwaza kwamba amezeeka. Niliwaza, Mungu anisamehe, kwamba ana wivu.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Muhiba alifariki mwaka wa elfu mbili na kumi na sita. Katika siku zake za mwisho, kwa ule mdomo uliovutwa, alimwomba Mama Nzuki kitu kimoja: amstiri mume wake. Idarusi ni mwanamume wa kujionea fahari, akasema, hatamwambia mtu, hata watoto. Mama Nzuki alimpa mkono. Hakujua anaahidi nini, kwa kuwa wakati ule Idarusi alikuwa mzima, mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi, mzee anayeamua ugomvi wa zamu za maji na ambaye hata vijana wa muziki hupunguza sauti akipita.

Miaka mitatu baadaye Idarusi alipasuliwa tezi dume. Alipona, ila mkojo haukurudi kwenye utii. Mchana alijimudu, kwa kunywa maji kidogo na kutokwenda mbali. Kitandani hakujimudu. Bintiye Yumna alikuwa ameolewa Mombasa, na kila alipopiga simu aliambiwa baba hajambo kabisa. Mama Nzuki akabisha mlango wa tatu kama alivyobisha mara ya kwanza, na nguo zake ndani ya beseni. Gauni, shuka, gauni, shuka. Akaongeza vikoi viwili, ambavyo akiulizwa alisema ni vya marehemu mumewe, anavilalia kwa sababu ya baridi.

Hayo yote sikuyajua. Ninachokumbuka ni nilichokiona: kwamba kwenye waya wa tano kila Jumatano kulikuwa na shuka za mama mmoja mzee anayeishi peke yake, nyingi kupita kiasi, zenye mawimbi ya manjano ambayo hata siki ilishindwa kuyaondoa. Mtaa nao uliona. Vijana wanaokaa kwenye ukuta wa vyoo walimtania waziwazi.

"Niaje, Mama Nzuki," mmoja alimwita nikiwepo. "Naona jana mvua imenyesha kwako pekee."

"Na wewe ilikunyeshea miaka minne mfululizo," akamjibu bila kuacha kuanika, "mama yako akaja kuazima godoro kwangu. Nikuonyeshe lile doa?"

Wenzake walimzomea kijana yule hadi akaondoka. Mama Nzuki alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilitazama chini. Nilimhurumia, lakini huruma haikuwa peke yake. Tulikuwa tunapanga sherehe ya miaka kumi na miwili, wageni wangekuja kutoka matawi yote, na nilikuwa nikijiuliza kama atanuka.

Nimekaa na sentensi hiyo siku nyingi kabla ya kuiandika.

Nilimnong'oneza Triza, naye akaguswa, na kutokana na kuguswa kwake ukatoka mpango. Klabu ingemrudishia mkono mwanzilishi wake. Tungemletea godoro lililofunikwa plastiki, katoni za daipa za watu wazima, na watu wa zamu wa kumfulia kila Jumatano mpaka mwisho wa maisha yake. Na tungefanya hivyo palepale uwanjani, chini ya nyaya, ambapo yote yalianza. Uwanja niliuchagua mimi.

Ilikuwa Jumatano ya kwanza ya Agosti. Wanawake zaidi ya sitini wa aproni za buluu walisimama kati ya nguzo, na mtaa wote uliobaki nyumbani ukatoka kutazama. Mzee Idarusi alikuwa ameombwa afungue kwa dua, akaifanya fupi na nzuri, akarudi kwenye kigoda chake mlangoni. Mama Nzuki alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kanisani. Hakuambiwa kitu, ilikuwa iwe mshangao. Triza alizungumza kuhusu upendo. Kisha akanipa kipaza sauti, na mimi, ambaye kazi yangu ni kupima maneno, nikasema niliyokuwa nimeyaandika usiku uliotangulia na kuyaona mazuri.

Nilisema, "Yeye aliyefua shuka za kila mtu, leo naye ana shuka za kufuliwa."

Wakalileta godoro. Wakaleta katoni, picha ya bibi anayetabasamu ikiwa imechapwa pande zote nne. Kimya kilichoshuka uwanjani hakikuwa cha heshima, lakini nilikichukua kuwa cha heshima. Mama Nzuki alinitazama. Ilikuwa kama anasoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo usoni mwangu. Neno moja lingemtoa pale: si zangu. Angelisema, kila mtu aliyesimama pale angejiuliza ni za nani, na mlango wa tatu haukuwa mbali. Baadaye sana nilikumbuka kwamba kwa muda ule wote hakugeuza macho upande wa kile kigoda hata mara moja.

"Asanteni," akasema. "Mmeniona."

Alilipokea boksi la kwanza kwa mikono miwili. Piga picha, Triza akaniambia, nami nikapiga. Kufikia jioni picha ilikuwa imefika kwenye simu za matawi yote.

Jumatano iliyofuata wawili wa Donholm walikwenda kuchukua shuka zake. Akawaambia wiki hii hakuna. Wiki ya pili hakuna. Ya tatu, hakuna, na waya wa tano ukawa mtupu. Tulifurahi. Niliandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba daipa zimeleta mabadiliko makubwa katika maisha ya mwanzilishi wetu. Ripoti hiyo bado ipo, ina sahihi yangu.

Ukweli ni kwamba hakuwa tena na mahali pa kufulia. Shuka alizokuwa akizikiri kuwa zake sasa zilikuwa na wenyewe wa kuzifuata, na wangeona saizi ya vikoi, wangeona kofia iliyojikunja ndani ya foronya. Kwa hiyo alizitia kwenye kikapu cha sokoni, juu yake akaweka sukuma wiki, akatembea nazo hadi Jericho kwa rafiki wa zamani wa chumba cha kufulia. Alifua huko, akakaa zikauke, akarudi nazo jioni zimekunjwa. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Siku moja ya mvua aliteleza kwenye njia hiyo ya Jericho, akaanguka juu ya mkono wake. Watu waliomwinua wanasema alikishikilia kikapu kwa ule mkono mzima, wala hakukubali kubebewa.

Tulisikia kwamba ameumia. Nilikwenda Jumatano, asubuhi, na matunda. Nilikuta wanawake mferejini wameacha kufua, maji yanafurika kwenye ndoo, na hakuna anayeyafunga. Mzee Idarusi alikuwa anatoka mlangoni kwake na beseni.

Alilibeba vibaya, mbele ya tumbo, maji yakimwagika kwenye kanzu. Alivuka uwanja wote mpaka waya wa tano. Akaliweka chini, akatoa shuka, likamshinda kukamua, akalirusha hivyo hivyo likiwa linachuruzika, upande mmoja mrefu unaburura udongo. Alianika kama mtu ambaye hajawahi kuanika. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu kumsaidia kungekuwa kukubali kwamba tumeona. Akaanika kikoi. Akaanika kingine. Kisha akavua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akajifuta uso, akanitafuta kwa macho.

"Ndinda," akasema. "Una simu yako? Piga picha."

Nikaitia simu mfukoni.

"Hizi ni zangu. Miaka minne. Yule mama hajawahi kulowesha hata mto. Piga, uwapelekee."

Mama Nzuki alikuwa ametokea mlangoni, mkono ukiwa umefungwa na kuning'inizwa shingoni kwa leso, moja ya leso za Muhiba. Hakuwa na uso wa mtu aliyeondolewa lawama. Alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Baba Yumna, tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana unistiri," mzee akasema. "Hatukukubaliana mimi nikuvue."

"Nilimpa Muhiba mkono."

"Muhiba angeniona siku ile nimeketi pale naangalia unaletewa yale maboksi, angenipa talaka yeye."

Mtu mmoja alicheka kidogo. Mama Nzuki alikwenda kwenye waya. Kwa mkono mmoja alilivuta lile shuka, likamwangukia begani, akachukua vikoi, akavirudisha vyote kwenye beseni. Hakuweza kulibeba kwa mkono mmoja, basi mzee akashika upande wa pili, wakaondoka nalo hivyo, wakipishana hatua, hadi mlango wa tatu. Aliponipita alisimama.

"Funga huo mfereji, mwanangu," akaniambia. "Maji yanapotea."

Nikaenda nikaufunga.

Ndani ya wiki hiyo Yumna alikuja kutoka Mombasa na kumchukua baba yake. Sikusikia alimwambia nini. Niliona tu kwamba alimkumbatia Mama Nzuki kwa muda mrefu, na mimi akaniamkia kwa adabu kamili. Mwisho wa mwezi Mama Nzuki naye alifunga mizigo. Nilikwenda kumwomba msamaha, nikamkuta anapanga mabeseni, dogo ndani ya kubwa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengi. Alinisikiliza, akaniambia kwamba amenisamehe tangu siku ile ya kipaza sauti, maana aliona ninavyopenda kushukuru na sijui pa kuiweka shukrani yangu. Kuhama alikuwa anahama kwa sababu nyingine. Hapa mtaani sasa, akasema, hakuna mgonjwa atakayekubali kufuliwa naye. Kila anachoanika watu watauliza ni cha nani.

Hilo ndilo nililomnyang'anya. Jina zuri nilimrudishia, au mzee Idarusi alimrudishia. Lakini alikuwa na kitu adimu zaidi, jina ambalo watu hawakulitilia maanani, na chini yake aliweza kuficha nusu ya mtaa.

Aliniomba niifute ile picha. Niliifuta kwenye simu yangu. Kwingine ilikuwa imekwishafika, na kila Agosti hurudi kwenye bango, Mama Nzuki na boksi lake, chini yake maneno kwamba hata anayetoa hufika siku ya kupokea. Nimewaeleza kamati mara tatu. Mara mbili walisema ni picha inayogusa watu. Mara ya tatu Triza alilia, akasema tukubali, tuitoe, lakini mchapaji alikuwa ameshamaliza. Kuhusu aproni tulipiga kura, nikashindwa. Matawi ni thelathini na nane, na yote yanazivaa isipokuwa Dandora. Nilimuuliza Sally aproni zao ziko wapi. Alinijibu kwamba ni vitambaa vizuri sana, vinashika maji, wanapigia deki.

Sasa Jumatano yangu naifanyia Dandora, siku ya Ijumaa. Sina cheo huko. Ninakwenda kwa bibi mmoja na beseni lenye nguo zangu, natoka na nguo zake chini ya zangu, naanika zote kwangu Donholm, na jirani yangu wa huko amekwisha kuniuliza, kwa upole usio wa kawaida, kama afya yangu ni nzuri.

Mama Nzuki anaishi kijijini Wamunyu, kwa kaka yake Muoki, mchonga vinyago. Ana chumba chake nyuma ya karakana, na mkono umepona.